Samadi Kabla ya Mvua

Juzi kwenye duka la dawa hapa Voi, msichana mwenye pete ya uchumba aliomba vidonge vya foliki asidi, vile wanavyopewa wajawazito kliniki. Nyuma yake alisimama mama mmoja wa kanisani kwao, kapu la mboga kutoka mlimani Mghange mkononi. Kapu likashuka chini taratibu.

"Harusi si bado, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Na mimba tayari?"

Foleni nzima tukatazama tumbo. Msichana akavuta pumzi.

"Sina mimba, mama. Hizi humezwa kabla. Uti wa mgongo wa mtoto huanza kujengeka hata kabla mama hajajua ameshika mimba. Ukizimeza mapema, unapunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro."

Mama akawaza, kisha akacheka. "Kumbe ni samadi! Hata sisi huitia shambani kabla ya mvua." Akamgeukia muuzaji. "Nipe na mimi, za mke wa mwanangu."

"Wanatafuta mtoto?"

"Wanasema bado. Lakini mvua ya nyumba ile naijua, haingoji utabiri."

Halafu mama huyo huyo, aliyetutangazia mimba isiyokuwepo, akanong'ona zake zifungwe kwa gazeti, watu wasije wakaona.