Maktaba ya Matenga ya Nyanya

Mwaka tisini na tatu nilikuwa na miaka arobaini na sita, mwalimu wa darasa la nne katika shule moja juu ya kijiji cha Mgwashi, na nilikuwa sioni. Mbali niliona vizuri mno: mbuzi akiingia kwenye kabichi ng'ambo ya bonde nilimtambua yeye na mfugaji wake. Maandishi ya karibu ndiyo yaliyogeuka sisimizi. Dawa ilikuwa miwani, lakini nilishamcheka mwenzangu, Mwalimu Sefania, mbele ya wote kwa miwani yake iliyofungwa uzi wa katani, nikaapa kwamba mimi uzee huo hautanipata. Mwenye mdomo kama wangu harudi nyuma kirahisi.

Darasani nilikuwa na watoto kumi na mmoja wasiojua kusoma. Waliniumiza roho, ndipo nikaanzisha maktaba. Wazazi walitoa matenga yao ya nyanya, tukayapanga ukutani yakawa rafu. Vitabu niliviokota popote: kanisani, kwa bwana afya, hata sokoni Lushoto, maana biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa na kila robota la mitumba lilikuja na vitabu vyake ndani. Kila mtoto alichagua kitabu, akaja mezani kwangu wakati wa mapumziko kunisomea. Sikumkatiza yeyote. Walimu wenzangu waliniuliza kwa nini sisahihishi makosa, nikawajibu kwamba huo ni utaratibu wa kisasa, mtoto anaachwa apate ujasiri. Walinisadiki, nami nikajisadiki.

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni Loyce, binti wa mkulima mmoja aitwaye Tobia. Alikuwa amerudia darasa mara mbili, na baba yake alishaniambia wazi kwamba Novemba ikifika hajui kusoma, atamtoa shule abebe kabichi. Basi Loyce akachagua kijitabu chenye picha ya mtu ameshika jembe kando ya kibanda, akaanza kunisomea. Nilishangaa. Ilikuwa hadithi ya bwana mmoja aliyemchukia mama mkwe wake, akamjengea kijumba kidogo mbali na jikoni ili asisikie maneno yake. Kila siku aliendelea, bila kigugumizi. Kwa miezi minne nilimsifu darasani, na nyumbani nikawasimulia wanangu kisa cha mkwe.

Mwezi wa nane akaja mratibu wa elimu wa kata, Bwana Stephano, kuona hiyo maktaba inayosemwa. Kwa majivuno yangu nikamwita Loyce. Alisoma kama kawaida yake. Mratibu akainama, akatazama ukurasa, akanikabidhi kijitabu taratibu.

"Mwalimu Jenoveva, hebu nisomee na wewe hapo hapo."

Nilinyoosha mkono mpaka ukaisha. Sikuona kitu. Nikasafisha koo, nikasoma kwa sauti ya kimwalimu: "Mama mkwe akafurahi sana, akahamia siku ile ile na kuku wake wawili."

"Mwalimu," akasema mratibu, "hiki ni kitabu cha kuchimba choo."

Darasa zima lilicheka, na Sefania, aliyekuwa mlangoni, alivua miwani yake akaipangusa polepole. Nilitamani shimo la kitabuni linimeze. Loyce peke yake hakucheka. Alikuwa analia.

Jioni nilimkuta kwenye matenga. "Shikamoo, Mwalimu," akasema bila kuniangalia. "Mimi nilidhani unajua. Nilidhani unaninyamazia tu kwa kuwa hadithi ni nzuri."

Niliona aibu kubwa kuliko ile ya asubuhi. Miezi minne nilimpigia makofi mtoto aliyekuwa anazama.

Wiki ile nilikwenda hospitali ya Bumbuli nikapimwa macho, nikarudi na miwani mizito, na wote walionicheka walikuwa na haki yao. Tulianza upya, mimi na Loyce, ukurasa wa kwanza. Maneno "Chimba shimo" yalichukua mapumziko mazima. Sasa nilisahihisha, akanuna, nikasahihisha tena. Mara nyingine alisema hadithi yake ilikuwa bora, na kweli ilikuwa bora.

Novemba, Tobia alikuja shuleni na tenga tupu begani. Nilijua amekuja kumchukua binti, nikapanga maneno ya kumsihi. Akalitua tenga ukutani.

"La rafu nyingine," akasema. "Yule mtoto amenisomea kile kitabu jioni za wiki tatu, mimi nachimba, yeye anasoma. Choo kimekwisha. Njoo ukione, Mwalimu."

Nilikwenda. Nilihesabu hatua kutoka jikoni kwake mpaka mlangoni pa choo: thelathini kamili, kama kitabu kinavyotaka. Nilijua, kwa sababu siku hizo hata mimi nilikuwa nimeshakisoma.