Degre Nne, na Moja ya Matabishi

Mwanangu, kuna siku moja ya Naviundu, mtaa tuliokuwa tukiishi, ambayo haijanitoka kichwani. Kasongo, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa hajaanza hata kutambaa. Alilia asubuhi nzima, halafu akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulinitisha.

Mume wangu Ilunga alikuwa na termometa ya kioo. Baba yake, mzee Ngoie wa kazi ya reli, alipewa na padri mmoja aliyekuwa anarudi Ulaya. Ilunga aliipenda kuliko saa yake. Akaiweka kwapani mwa mtoto, zebaki ikasimama kwenye thelathini na mbili. Na mtu mwenye afya, tulijua wote, ana thelathini na saba.

"Mutoto iko na baridi," akasema. "Leta blanketi ingine!"

Baridi gani? Mtoto alikuwa moto kama pasi ya makaa. Nilimbeba, nikakimbia kwa Mama Feza, jirani yetu muuguzi, Ilunga nyuma yangu na blanketi.

Feza alimgusa mtoto, akamvua nguo. "Baba Kasongo, unataka kumupika?" Akageuza kioo kwenye mwanga. "Unaona hii R? Ni Réaumur, degre za batu ba zamani kule Ulaya. Kwabo maji inachemuka kwa makumi nane, kwetu kwa mia."

"Sasa tutajua namna gani?" nikauliza.

"Mama Kasongo, ukinunua kwa Kabedi kule soko mafungu ine ya tomati, anakuongezea nini?"

"Fungu moja ya matabishi."

"Basi njo ile ile. Kila degre ine, ongeza moja."

Nikahesabu kwa vidole, nne nne. Matabishi nane juu ya thelathini na mbili. Arobaini! Feza alikuwa ameshaanza kumpangusa kwa maji vuguvugu, kisha akampa dawa ya malaria. Jioni Kasongo akanyonya, akamkojolea baba yake shati zima.

"Na hii iko degre ngapi?" Feza akamuuliza. Ilunga mwenyewe akacheka.

Leo Kasongo ana mvi, anaishi Ruashi, na analalamikia joto kila Oktoba.

Siku hizi, mwanangu, namba zinakujia hata kwenye simu. Usizikatae, ila kwanza ziulize kwao ni wapi. Na mkono wako ukikuambia mtoto anaungua, mbebe umpeleke kwa anayejua, hata kama baba yake anakufuata na blanketi.

Mungu akupe miaka, na kwa kila minne akuongezee mmoja wa matabishi.