Mlango Mpya wa Mdogo Wangu

Tuliokuwepo ni hawa: mimi, mdogo wangu wa tumbo moja, naye alikuwa ndani ya jeneza, wanawe wawili wa kiume, mzee wa ukoo wao, ambaye ni kaka wa marehemu mumewe, na binti yangu wa mwisho, aliyenisindikiza kutoka Ulemo. Majirani walijaa. Majina yao yote ninayo kichwani, ila siandiki jina la mtu, wengine bado tunasalimiana.

Mdogo wangu aliolewa mbali, Ukuryani, mpakani kabisa na Kenya. Sisi wa Iramba mpaka tunaoujua ni ua wa minyaa kati ya shamba na shamba. Kule ni mawe yaliyopakwa chokaa, yamepita katikati ya watu wa lugha moja, wa ukoo mmoja. Jiwe moja lilikuwa ubavuni mwa nyumba yake. Mlango ulitazama Kenya, ukikanyaga uwanja umeshatoka Tanzania. Nyuma, upande wa Tanzania, kulikuwa na bafu la magunia na jalala. Mwanawe mdogo alijenga ng'ambo, mkubwa akabaki huku.

Ukoo ule humzika mama mbele ya nyumba, mkono wa kushoto wa mlango wake. Na mtoto ambaye kaburi la mama liko upande wake wa mpaka, ndiye anayebaki na boma. Mimi nilifika nikijua nimekuja kulia.

"Shikamoo mama mkubwa," mkubwa akaniamkia, sururu mkononi. Sijamaliza kuitikia, akaanza kutoboa ukuta wa nyuma. Vumbi likamwagikia jeneza mle ndani. Nikavua khanga ya juu nikalifunika.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Natoboa mlango. Mbele sasa ni huku."

Mdogo wake akacheka. "Huo ni mlango wa panya! Mama hajawahi kuupita."

Mzee wa ukoo akafikiri, akatikisa kichwa. "Kweli. Mlango ni ule ambao mwenye nyumba ameupita."

Basi mkubwa akasema, "Ataupita."

Wakamnyanyua. Nilidhani naota. Wakamtoa kwa lile tundu, jeneza likakwama begani, wakalisukuma kama gunia la mahindi. Nikasikia mwili ukigonga ubao ndani. Wakamrudisha, ili ionekane ametoka na ameingia. Joto lilikuwa kali na harufu imeshaanza, nzi wamejaa kwenye upenyo wa kifuniko, na wale wanaume wanabishana kama mguu wa mbele wa jeneza ulivuka kizingiti au la.

Nikakaa kwenye lile tundu, miguu nje.

"Mama mkubwa, tupishe."

"Mama yenu ndiye kigingi chenu cha mpaka? Mzikeni uwanjani alipokuwa anaanika mtama!"

"Bibi, wewe ni mgeni," mzee akaniambia. "Huku mpaka si mchezo."

"Mgeni? Mimi nimembeba mgongoni huyu!"

Binti yangu akanishika mkono. "Mama, wana hasira, watakuangusha." Nikainuka. Mpaka leo naona uchungu kwamba niliinuka.

Mzee akakubali mlango mpya. Kushoto kwake palikuwa hapo hapo yanapotuama maji ya bafu. Walichimba tope jeusi, linanuka sabuni na mkojo, na humo wakamlaza mdogo wangu, aliyekuwa anafagia hadi njia ya ng'ombe. Mkubwa alipanga mawe juu ya kaburi huku macho yake yakipima shamba. Walileta ugali na nyama. Nilipoona wanavyolamba vidole, nikaenda kutapika kwenye mihogo. Sikula kwao, wala maji sikunywa, tukapanda basi kurudi nyumbani.

Nimeandika nilivyoona, na macho yangu ni ya kizee. Sina uhakika nani alishika upande wa kichwa lilipokwama jeneza. Aliyekuwepo anisahihishe. Na kama yupo anayejua kwamba lile tope halikuwa la bafuni, kwamba ni mvua tu ilinyesha, aje aniambie. Huyo nitamsikiliza hadi mwisho.