Poda ya Kuendea Hospitali

Wekundu ulinianza msimu wa machungwa, miaka mitatu kabla mama hajafa. Ulikaa mashavuni, ukavuka juu ya pua, ukaishia hapo. Haukuwasha sana. Kilichonisumbua ni mikono: asubuhi vidole vilikuwa vimekaza, nashindwa hata kufungua chupa ya chai. Nilikuwa nauza matunda na viungo sokoni Morogoro mjini, mizigo inashuka kutoka kwetu Kinole, milimani, na mimi nakaa juani mpaka jioni. Nikasema ni jua.

Wenzangu sokoni hawakusema ni jua.

"Shoga, hiyo krimu imekukataa," alisema jirani yangu wa meza ya nyanya. "Rudi kwenye rangi yako, mumeo atakuzoea tu."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Sikumwona mbaya. Huyo huyo ndiye aliyekuwa akinifungia meza siku ambazo magoti yaligoma. Na tena, niseme ukweli, nilishawahi kujichubua. Nilikuwa msichana, nikapaka mkorogo kama miezi miwili, mama akaugundua, akautupa chooni, akakaa wiki nzima bila kunisemesha. Kwa hiyo mtu akinitania sikuwa na kifua cha kukataa. Hata mimi nilijiuliza: labda ule mkorogo ulijificha ndani, sasa unatoka. Nimeishia darasa la saba, sikujua kama hilo haliwezekani.

Nikaanza kupaka poda. Poda ya kawaida ya kahawia, mara mbili mbili, mpaka wekundu ukazama.

Hospitali nilikwenda mara nyingi, na kila mara nilijitengeneza kwanza. Kwetu mtu haendi hospitali kama anayekwenda shambani. Unaoga, unavaa gauni la maana, unajitanda mtandio, na mimi nikaongeza poda. Wakapima malaria, hakuna. Wakapima taifodi, wakasema ipo kidogo, nikameza vidonge vyote. Mwingine akasema baridi yabisi. Tabibu mmoja kijana, mpole tu, akaniuliza, "Mama, una mawazo?"

Nilikuwa nayo. Mume wangu alikuwa amekwenda Turiani kwenye kazi ya miwa, na simu zake zilikuwa zimeanza kuwa fupi. Nikamjibu ndiyo.

"Basi ni hayo mawazo. Jitahidi kupunguza."

Nilitoka nimekasirika, lakini leo nikipima naona hakukosea sana. Kila nilipogombana na mume wangu kwenye simu, baada ya siku mbili tatu nililala chini: homa, viungo, vidonda mdomoni, nywele zinabaki kwenye kitana. Alichokosea ni kudhani kwamba mawazo ndiyo ugonjwa wenyewe. Na uso wangu hakuuona, maana nilikuwa nimeufunika. Hakuuliza habari za ngozi, na mimi sikumwambia. Niliona haya. Nitaingiaje kwa daktari nianze kujitetea kwamba sijichubui?

Kisha presha ikamzidi mama. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akikaa naye Kinole, akanipigia simu. "Dada, panda. Anakuulizia."

Nikapanda kwa bodaboda, nimejipaka kama kawaida, kwa sababu njia nzima ile ni watu wanaonijua. Nilimkuta mama kwenye mkeka barazani, miguu imevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu sogea." Akanitazama kwa muda. "Uso huo umeufanya nini?"

"Naumwa, mama. Hawajajua ni nini."

Akashika pindo la kanga yake, akalilowesha kwa mate kama alivyokuwa akitufuta tulipokuwa wadogo, akanipitishia shavuni. Mara moja tu. Kanga ilikuwa nyeupe yenye maua. Poda ikabaki pale kama doa la chai, na shavu likatokeza jekundu. Akaliangalia doa, kisha akaniangalia mimi.

"Bado tu," alisema. "Na utu uzima huu."

"Mama, hii ni poda. Nafunika."

"Unafunika ulichokiunguza."

Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwongo. Mdogo wangu alisimama mlangoni na bakuli la uji, hakusema neno. Nilimwekea kinyongo kwa hilo, tena cha muda mrefu. Lakini angesema nini? Na yeye doa aliliona.

Kesho yake sikuweza kusimama. Mama mgonjwa chumba kimoja, mimi chumba cha pili, na mdogo wangu katikati na sufuria moja ya uji. Siku ya tatu homa ikapanda, akamwacha mama kwa jirani, tukapanda mshikaki kwenye pikipiki moja, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia nisidondoke. Kuoga hakukuwapo, sembuse poda.

Safari hii daktari alikuwa mama wa makamo. Hata sijakaa vizuri akauliza, "Huu wekundu una muda gani?"

"Miaka mitatu, unakuja na kuondoka."

"Na hakuna aliyeuona?"

Nikainama. Mdogo wangu ndiye aliyejibu. "Huwa anapaka poda, daktari."

Damu ikachukuliwa, ikapelekwa Dar, tukaambiwa tusubiri; mdogo wangu akarudi kwa mama, mimi nikabaki mjini. Mama hakusubiri. Alifariki Ijumaa, kabla ya adhuhuri, na mimi nilikuwa mjini nimelala, vidole vimekaza; habari ilipofika, mwanamke wa nyanya ndiye aliyenivalisha viatu ili niwahi kuzika.

Majibu yalikuja siku kumi na mbili baada ya mazishi.

"Inaitwa lupus," daktari alisema. "Kinga ya mwili wako inakosea, inaupiga mwili wenyewe. Haiambukizi. Jua linaiamsha, mawazo yanaiamsha, lakini si hayo yaliyoileta."

"Na mkorogo? Nilipaka zamani, miezi miwili."

"Si mkorogo."

Nikamwomba aseme tena. Akarudia taratibu, wala hakuonyesha kuchoka. Ndilo neno nililokuwa nikilitafuta kwa miaka yote mitatu, na mtu wa kupelekewa hakuwapo.

Nilipanda Kinole kwa arobaini ya mama, uso mtupu, nimevaa kofia pana kama nilivyoagizwa. Kanga ile ilikuwa imegawiwa mama mdogo. Alikuwa ameifunga akipepeta mchele uani. Nililitazama pindo lote alipogeuka. Lilikuwa limefuliwa, limetakata.

Mama alikufa akijua kwamba najichubua. Nilitaka kuandika 'akidhani', nikafuta. Alichokiona alikiona kwa macho yake, na poda niliipaka mwenyewe.

Nilimsaidia mdogo wangu kuosha sahani, kwa vidole vilivyokubali siku ile. Nikamwambia jina la ugonjwa na yote aliyosema daktari. Alilirudia jina mara mbili ili alishike. Kisha nikamuuliza kama mama angeyasikia haya, angeniamini.

Alisugua sahani moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Sijui, dada," alisema. "Alikuwa ameshaliona doa."