Kipaza Sauti na Mbuzi wa Nyanya

Juzi mjukuu wangu Achieng alinifundisha kutafuta kwenye mtandao. Niliuliza kuhusu ugonjwa wa kuku, majibu yakamiminika.

"Simu hii inajua kila kitu!" nikasema.

"Haijui, Babu. Inatafuta tu kwenye kurasa ambazo watu wameandika."

Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu mtaani Manyatta, nilipompoteza mbuzi wa pekee wa nyanya yangu kwa sababu ya kucheza mpira. Nilikimbia msikitini nikilia. Kipaza sauti cha msikiti kilikuwa juu kabisa ya mnara, nami niliamini kwamba kutoka kule kiliona mji mzima hadi ziwani. Mzee wa msikiti, aliyenukia udi, aliniuliza mbuzi ni wa rangi gani.

"Mweupe, sikio moja jeusi."

Akatangaza. Sauti ilikwaruza, ikapita juu ya mabati, nami nikangoja kipaza sauti kiseme mbuzi yuko wapi.

Badala yake alikuja mama mmoja muuza samaki, ananuka mafuta ya kukaangia, akimburuta mbuzi wangu kwa kamba.

"Wewe ndiye mwenyewe? Amemaliza mboga yangu ya sukuma yote!"

Nilirukaruka kwa furaha, nikainua uso kuelekea mnarani na kupiga kelele, "Asante!"

Yule mama alimgeukia mzee, akaangua kicheko. "Bwana, hicho chuma ndicho kinachoshukuriwa? Na mimi niliyefukuzana na huyu shetani?"

Nilikuwa nimeshaikamata kamba, nakimbilia nyumbani kabla nyanya hajarudi. Leo jibu la swali lake ninalo, asante ilikuwa yake, ila yeye simjui hata jina.