Gurudumu la Upande wa Mlango

Mimi sijui kukaa. Nikiwa na jambo moyoni naosha sufuria iliyo safi, natoka uani, narudi ndani, nasahau nilichofuata, natoka tena. Wiki ile nilitoka uani mara nyingi mno, na kila mara niliinama kuyatazama magurudumu ya karavani kana kwamba yangeniambia kitu.

Karavani yenyewe tuliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ilitengenezwa Amerika, wanakoendesha kulia, kwa hiyo mlango wake uko upande wa kulia, na ukiisimamisha kando ya barabara hapa kwetu mteja anashukia katikati ya magari. Nilitoa vitanda nikaweka majiko, maana kazi yangu ni mapishi ya harusi. Jumamosi ile nilikuwa na harusi kubwa Luzira, ya kwanza kwa jiko hilo la magurudumu, na breki zake hazikuwa zinashika.

Ni breki za umeme. Ukikanyaga breki ya gari linalokokota, kisanduku kidogo chini ya dashibodi hupeleka umeme nyuma, na ndani ya kila dramu ya gurudumu sumaku inavuta, vile vipande vya kubana vinatanuka, gurudumu linashikwa. Ndivyo inavyotakiwa. Jumanne nilipoijaribu kwenye mteremko mdogo karibu na kwetu, karavani ilinisukuma mgongoni kama mtu mwenye haraka kwenye foleni, kisha ikavutia kushoto.

Sasa, kutoka kwetu Kyebando barabara inateremka hadi Kalerwe, na kule chini, ukingoni kabisa, wanawake wamekaa na mafungu yao ya nyanya, miguu wameinyoosha kuelekea lami. Nanunua kwao kila wiki. Nilikuwa nikifumba macho naiona karavani ikifika kwao bila mimi. Nasema wazi, niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nagomba.

Wa kumgombeza alikuwepo. Mume wangu ni Mnubi, babu yake aliletwa huku na jeshi la Waingereza. Mimi natoka kwa watu wa maduka, wale ambao wazee wao walitoka pwani. Kiswahili chake ni cha kambi na gereji, na tangu anioe namcheka. Aliendesha malori maisha yake yote, Mombasa, Juba, Goma, na alikuwa na sifa moja iliyojulikana na madereva wote: masikio. Alikuwa akisikiliza injini kutoka ng'ambo ya barabara akakwambia ni nini kinachokufa. Watu walikuwa wanamletea magari pale nyumbani asikilize tu. Lakini mwaka uliopita aliacha kuendesha ghafla, akasema amechoka, na tangu hapo usukani ni wangu.

Breki nazo alizirekebisha kwa sikio. Anainua karavani kwa jeki, anaingia chini kwa nyuma, kichwa mbele, analala chali katikati ya magurudumu mawili. Nyuma ya kila dramu kuna kitundu, na ndani yake kigurudumu chenye meno. Anakizungusha kwa bisibisi, tik, tik, tik, mpaka gurudumu limebana kabisa. Kisha anakirudisha nyuma jino kwa jino huku gurudumu likizungushwa, mpaka asikie mkwaruzo mwepesi sana. Mkwaruzo huo ndio kipimo chake. Ukizidi breki zinaungua, ukikosekana hazishiki. Jumatatu alifanya yote hayo peke yake, akizungusha magurudumu kwa mguu, mimi nikiwa sokoni. Niliporudi aliniambia, "Mama, breki iko sawa. Mimi nasikia yeye."

Kwa hiyo Jumanne breki zilipokataa, mimi na yeye sote tulilaumu umeme. Kumlaumu yeye hakukunipitia akilini.

Jumatano nilisugua pini za plagi inayounganisha karavani na gari kwa msasa mpaka vidole vikaniwasha. Bado. Nikafuata waya unaorudisha umeme kwenye chuma cha karavani, nikakuta umefungwa juu ya rangi, nikakwangua rangi mpaka chuma king'ae, nikaufunga upya. Bado. Alhamisi nilikwenda mjini kwa boda kutafuta waya mnene zaidi, nikarudi nao, tukaubadilisha wote chini ya jua. Bado. Fundi wa umeme wa jirani akaja na mita yake, akapima gurudumu la upande wa ukuta, ule usio na mlango, akapima la upande wa mlango. Umeme ulikuwa unafika sawasawa. Sumaku zote mbili zilikuwa zinavuta. Akafungasha vitu vyake akasema, "Nnyabo, mama, hapa umeme haina kosa."

Usiku nilitaka kuzungumza. Nilimwambia mume wangu naogopa mteremko, nimwombe mwenye harusi atafute mpishi mwingine? Hakujibu. Kitandani yeye yuko upande wa ukuta na mimi upande wa mlango, kwa kuwa ndiye ninayeamka amka, na kwa miezi mingi mambo yalikuwa hivyo: nasema, kimya, nasema, kimya. Nilikwishamwambia dada yangu kwamba mwanamume yule amenichoka. Liliniuma, lakini niliona aibu kumwuliza mwenyewe.

Ijumaa aliporudi kutoka msikitini nilimwambia breki zirekebishwe tena, na safari hii gurudumu nitalizungusha mimi. Hakupenda. "Wewe kimbia kimbia ya nini? Mimi nimemaliza hii kazi," akasema, lakini akatandika gunia lake akaingia chini.

Tulianza upande wa ukuta. Bisibisi ilibana, ikaachia, nikazungusha, na mara nikausikia ule mkwaruzo, shhh, shhh, mwepesi kama mtu anayefagia chumba cha mbali. "Basi," akasema papo hapo. Nikahamia upande wa mlango. Ikabana, ikaachia, nikazungusha. Mkwaruzo ukaja, mzuri, sawa na wa kule. Nikangoja aseme basi. Akaachia jino jingine. Mkwaruzo ukapungua. Jingine, jingine. Gurudumu likawa linazunguka lenyewe kama feni, bila sauti yoyote, na ndipo akasema, "Basi. Nasikia yeye."

Nilibaki na mkono kwenye tairi. Nikataka kupiga kelele, lakini kitu kilinizuia. Nikainama palepale upande wa mlango, nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, "Mzee, chai iko tayari." Macho yake yalikuwa juu, kwenye chuma. Hakutikisika. Nikazunguka karavani, nikainama upande wa ukuta, nikasema maneno yaleyale kwa sauti ileile.

"Ngoja kwanza nimalize," akajibu.

Nilikaa chini kwenye vumbi, mimi nisiyejua kukaa. Akageuza kichwa akaniona, akaniangalia sana, na nadhani alielewa kabla sijafungua mdomo.

"Sikio ya kushoto imekufa tangu Ramadhani iliyopita," akasema. "Lori ilipiga honi nyuma yangu pale Bweyogerere, mimi sikusikia. Ndiyo nikaweka ufunguo chini."

"Na mimi hukuniambia."

"Ningesema nini? Watu wanakuja hapa kwa sababu ya masikio."

Hasira niliyokuwa nayo tangu Jumanne ilikuwa imejiandaa vizuri, na nilikuwa na haki nayo, kwa sababu jino moja moja alilolegeza lingeweza kumuua mtu Kalerwe. Nilimwambia hivyo. Sikumpunguzia. Akafumba macho, akasema, "Najua, mama. Jana sikulala kwa sababu ya hiyo."

Nikarudi upande wa mlango, nikamvuta mkono kiganja kikiwa wazi, nikakiweka kwenye ubavu wa dramu. "Usisikilize. Shika," nikamwambia. Akabana, akaachia, nami nikazungusha polepole. Jino, jino. Niliuona uso wake ukibadilika kabla mkwaruzo haujanifikia mimi. "Hapa," akasema. "Hapa anagusa." Tulirudia mara tatu, na mara zote tatu kiganja chake kiliwahi kuliko sikio langu.

Jioni ileile tuliijaribu kwenye mteremko wetu mdogo. Nilibonyeza kile kitufe cha kisanduku kinachoshika breki za karavani peke yake, bila kukanyaga kitu, na karavani ikasimama, ikanisimamisha na mimi, imenyooka, haikuvuta kushoto wala kulia.

Jumamosi alipanda nami. Abiria hukaa kushoto kwa dereva, kwa hiyo sikio lake zima lilikuwa upande wangu. Kalerwe tuliteremka taratibu, wanawake wa nyanya hawakuinua hata macho. Nilizungumza kutoka kwetu mpaka Luzira, juu ya mchele, juu ya bibi harusi, juu ya goti langu, na yeye alijibu kila kitu, vingine kwa kubisha.

Jumapili asubuhi, nikitandika kitanda, niliuhamisha mto wangu upande wa ukuta. Baada ya adhuhuri tulikwenda kujinyoosha. Akaukuta mto wake upande wa mlango, akautazama. Akalala chali. Nikaanza na yale niliyomwambia tangu Ramadhani, moja moja, na yeye akayajibu.