Jina la Shosho Lilivyobaki Moja

Jumamosi, 20 Aprili 1996. Manyunyu tangu alfajiri, matope mpaka mlangoni.

Pengine ningengoja hasira ipoe kabla ya kuandika. Leo kikundi chetu cha akina mama hapa Gitothua kimegawa ploti za kujenga huko Murera, na mimi nimekosa. Sijui kama nimeibiwa au nimejiibia, kwa hivyo naanza na makosa yangu.

Orodha niliiandaa mimi. Kazi yangu ni kupiga chapa kwenye ofisi moja Thika, na mkubwa aliniruhusu kutumia kompyuta saa ya lanchi. Majina yalikuwa katika madaftari matatu, na wengine walikuwa wamejiandikisha kote kote. Mwenyekiti alikuwa amesema majina yakizidi ploti, itapigwa kura, kila mtu aokote kikaratasi. Niliyaingiza yote, kila jina na mstari wake, kisha nikatumia amri nilizofundishwa na fundi wa ofisi: sort, ya kupanga mistari inayofanana ifuatane, halafu uniq, inayobakisha mmoja tu. Usipopanga kwanza, uniq haioni, maana inaangalia jirani tu. Hapo nilikuwa makini. Nikatafuta jina langu, nikalikuta, nikaridhika.

Lakini mimi nimepewa jina la shosho, yaani nyanya yetu mzaa baba, na binti wa baba yangu mkubwa amepewa jina hilo hilo. Mwishoni sote tunatumia jina la babu. Madaftari hayakuwa na namba za kitambulisho. Mashine ilituona mtu mmoja, na mimi ninayetujua sikukumbuka.

Jana jioni nilimpelekea dada yangu huyo orodha aikague, kwa kuwa ndiye katibu. Kidole chake kilishuka polepole, kikasimama kwenye jina letu. Nilikiona. Akasema iko sawa, akanimiminia chai.

Leo jina lilipoitwa aliinuka kabla yangu, akachukua karatasi ya ploti. Nikalalamika. Mwenyekiti akasema orodha niliileta mwenyewe, na niliwaapia kwamba mashine haikosei. Ni kweli niliapa. Ploti zililingana na majina, hakuna iliyobaki.

Nje nilimuuliza dada kama jana aliona.

“Niliona.”

“Na ukanyamaza?”

“Tungekuwa wawili, kura ingepigwa. Na bahati yangu unaijua, dada. Hata kuku wa bahati nasibu ya harambee sijawahi kushinda.”

Alitaka nicheke. Karibu nicheke, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Niseme haki: ana watoto wanne na amehamahama nyumba za kupanga kunishinda. Na kama kura ingepigwa, huenda ningekosa vilevile. Lakini ningekosa mbele ya watu wote, kwa mkono wangu mwenyewe. Sijui kama ningekuwa yeye ningesema. Nadhani ningesema.

Jioni tumekula mukimo wa jana, viazi na mahindi ya kuponda, umepashwa moto, na chai ya rangi. Mume wangu aliongeza chumvi, hakuuliza habari za ploti.